Bomba la kupulizia kwa bustani ya kilimohai: linunuliwe lipi, litunzwe vipi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi na mke wangu tuna bustani ya robo tatu eka huku Mgeta, kwenye matuta ya mlimani. Tunalima kabichi, karoti, njegere na nyanya kidogo, na mwaka huu tumeingia kwenye kikundi cha kilimohai. Dawa zetu ni mwarobaini, utupa, pilipili na kitunguu saumu, na mara chache mrututu na chokaa kwa ajili ya bakajani. Bomba tunaazima kwa kaka. Linaziba kila mara na linanivujia mgongoni, halafu mwezi uliopita nyanya zilijikunja majani baada ya kupiga mwarobaini. Dukani mjini wananishauri nichukue la betri. Ninunue bomba gani, na nilitunze vipi lidumu? Na hili la kaka, likioshwa vizuri haliwezi kufaa?"

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Naanza na bomba la kaka yako, maana hapo ndipo penye hatari. Mengine ni ya kuchagua tu.

Muulize kama bomba lile limewahi kupiga dawa ya magugu. Bomba moja la ukoo hufanya kila kazi: leo linaua magugu kwenye mahindi, kesho linapiga dawa ya viwavijeshi, keshokutwa limeazimwa na jirani. Dawa za magugu za jamii ya 2,4-D, zile zinazoua majani mapana na kuacha mahindi, hujificha kwenye mpira wa bomba na kwenye washa, na kusuuza kwa maji matupu hakuzitoi zote. Nyanya ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi sana na dawa hizo, hata kwa masalia usiyoyaona wala kuyanusa. Na mara nyingi mchanganyiko wenye sabuni au mafuta ndio unaoyafumua kutoka kwenye mpira, kwa hiyo mkulima anaulaumu mwarobaini usio na kosa.

Usiniamini kwa maneno, nenda kazitazame nyanya zako. Ikiwa ni rasta, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, mimea iliyougua itakuwa imetawanyika, mmoja hapa mwingine pale, majani yamejikunja kuelekea juu na kingo zake ni za njano, na hali huzidi pole pole. Ikiwa ni dawa ya magugu, mstari mzima uliopigwa umebadilika ndani ya siku chache, majani machanga yamekuwa membamba yenye mishipa iliyosongamana, na vikonyo vimepinda na kujisokota. Kama ulichovya sabuni ya unga ya kufulia kwa kukadiria mkono, jua jambo la tatu: hiyo nayo huunguza majani, ila yenyewe huacha mabaka makavu, haipindi mmea.

Je, likioshwa? Kwa mkulima wa kawaida, kusuuza mara kadhaa na kuloweka usiku kucha maji yenye amonia kidogo hupunguza masalia. Kwako wewe nasema hapana, mrudishie kaka bomba lake kwa heshima zote. Kikundi chenu kikitaka kuuza kwa alama ya Kilimohai mtapimwa kwa kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 456, na kwenye udhamini shirikishi, ambapo wanakikundi hukaguana wenyewe, bomba linalotoka shamba lenye kemikali ni jambo la kwanza mwenzako kulitilia shaka. Nunua lako, liandike "Kilimohai tu" kwa rangi, na usiliazimishe. Najua hilo la mwisho ni gumu kijijini. Afadhali kumpigia mtu shamba lake kwa dawa yako kuliko kumpa bomba akaondoka nalo.

Sasa twende dukani. Bomba la mkulima wa kilimohai lina kazi ngumu kuliko bomba la jirani yake. Dawa nyingi za viwandani huingia ndani ya mmea na kusafiri na utomvu, kwa hiyo aliyepiga ovyo bado huponea. Zako hazisafiri, au husafiri kidogo sana. Utupa na sabuni lazima vimguse mdudu mwenyewe. Mwarobaini unataka mdudu ale jani lililopata dawa, na mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, huzuia ugonjwa pale tu ulipotua. Jua nalo huzivunja: mwarobaini na pareto hupoteza nguvu upesi mwangani. Juu ya hayo, dawa unayoitwanga nyumbani ina machicha, mafuta na utomvu, wakati bomba limetengenezwa likitarajia maji masafi na unga laini. Kwa hiyo unatafuta bomba linalovumilia uchafu, linalofika chini ya jani, na linalofunguka lote kwa mkono ili uoshe. Hayo matatu yakikosekana, ukubwa wa tangi na uzuri wa rangi havitakusaidia.

Kwa robo tatu eka ya mlimani, mimi ningechukua bomba la mgongoni la kupampu kwa mkono, la lita 16 au hata 12, lenye pampu ya daiframu. Pampu za mabomba haya ni za namna mbili. Ya pistoni ina kikombe cha mpira au ngozi kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Inatoa presha kubwa, lakini chembe za mchanga na machicha hukwaruza silinda na kula kikombe, na hapo ndipo presha inapopotea. Ya daiframu ina utando wa mpira unaobonyea na kurudi bila kusugua ukuta wowote, hivyo uchafu hauisumbui sana. Presha yake ya juu ni ndogo kuliko ya pistoni, ila kwa mboga hukosi kitu, maana bar 2 hadi 3 zinakutosha. Shida ni kwamba ya daiframu haipatikani kila duka. Ukiikosa, chukua ya pistoni bila majuto, mradi silinda inafunguka kwa mkono na vikombe vya akiba vinauzwa.

Hilo la vipuri ndilo ninalolitilia mkazo kuliko jina la kampuni. Kabla hujaulizia bei ya bomba, mwulize muuzaji akuonyeshe pakiti ya washa, oringi (pete za mpira), kikombe cha pistoni na nozeli za bomba hilo hilo. Akisema "tutakuagizia", nenda duka la pili. Nimeona mabomba mazuri ya bei ya juu yakiwa vyombo vya kuhifadhia mbegu kwa sababu ya oringi moja.

Ukubwa nao una hesabu yake. Lita 16 za maji ni kilo 16, bomba lenyewe lina kilo kadhaa, kwa hiyo likijaa unabeba karibu kilo 20 kwenye tuta lenye utelezi, na mkono mmoja uko kwenye mpini. Jaza lita 10 au 12, urudi kujaza mara nyingi zaidi. Lile la lita 20 waachie walio tambarare. Mkanda uwe mpana, wenye sponji, na kifungo cha kufyatuka haraka, maana ukiteleza unataka kulitua bomba kabla halijakutua wewe.

Mwambie muuzaji atie maji, ulivae na ulijaribu pale pale. Pampu taratibu, kisha uache: mpini usirudi wenyewe na pasivuje popote. Bonyeza kifyatulio, achilia, na uhesabu kidogo kidogo. Nozeli ikiendelea kudondosha baada ya sekunde chache, vali ya mkononi ni mbovu tangu kiwandani. Inama kama unayechuma mchicha, uone kama mfuniko unamwaga maji shingoni. Mfuniko una tundu dogo lenye vali ya kuingiza hewa. Likikosekana au likiziba, tangi hujikunja na pampu haivuti. Ingiza vidole vyako ndani ya mdomo wa tangi: chujio liwe la kina, lisiwe sahani bapa, na mdomo uwe mpana kiasi cha kuingiza mkono mzima ukasugue chini. Bomba ambalo mkono hauingii sitalipendekeza kwa mtu wa mwarobaini hata likitolewa bure.

Kuhusu la betri, aliyekushauri hakukudanganya. Presha yake haiyumbi, halichoshi bega, na mkono mmoja unabaki huru kushika mti unapopanda. Mengi yana betri ya asidi ya volti 12 na pampu ndogo ya daiframu yenye mota. Lakini pampu hiyo ina vali ndogo sana. Machicha yakishapita chujio, vali haifungi, mota inazunguka bure na kupata moto. Betri ya asidi ikiachwa tupu miezi miwili ya kiangazi hufa, hivyo lazima ichajiwe walau kila mwezi hata kama hupigi dawa. Kama kwenu kuna umeme wa uhakika au sola inayotosha, na umeshazoea kuchuja kwa bidii, ununue msimu ujao, tena uchague yenye betri ya lithiamu kwa kuwa ni nyepesi. Kwa mwaka wa kwanza, shika la mkono, ujifunze tabia za dawa zako. Na lile la injini lenye kipulizio, wanalotumia wenzetu wa Mtwara na Lindi kupeleka salfa juu ya mikorosho dhidi ya ubwiri unga, halina kazi kwenye kabichi.

Ongeza kitu kimoja kidogo: kibomba cha mkono cha lita 1 au 2, kile cha kujaza upepo. Ndicho utakachotembea nacho asubuhi ukiona vidukari wameanza kwenye mche mmoja wa kabichi. Watu wa kilimohai hupoteza dawa nyingi kwa kupiga shamba zima wakati mdudu yuko kona moja. Kibomba hiki usikifungue kabla ya kutoa presha yote, na usikiachie ndani dawa ya majani usiku kucha. Huchacha, hujaa gesi, na mfuniko hukurukia.

Nozeli ndiyo sehemu ndogo kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua dawa itue wapi. Mabomba mengi huja na nozeli moja ya kuzungusha ambayo hutoa ama mchirizi ama ukungu. Iweke pembeni. Kwa wadudu na magonjwa ya majani tafuta ya koni tupu, inayorusha matone madogo yanayozunguka na kuingia kati ya majani kutoka kila upande. Ile bapa inayochora mstari kama feni ni ya kupiga ardhini, kazi ambayo wewe huna, isipokuwa ukimwagia mbolea ya maji. Kama unaweza, nunua ya chuma cha pua au ya keramiki. Ya shaba nyeupe na ya plastiki laini hulika upesi kwa mrututu, chokaa na salfa, kwa kuwa ni unga unaosugua.

Kisha pinda. Ncha ya fimbo iwe na kiwiko ambacho unaweza kukigeuza kielekee juu, ushushe fimbo hadi karibu na ardhi, upulizie kutoka chini kwenda juu ukitembea. Inzi weupe, utitiri mwekundu na viwavi wadogo wa nondo wa kabichi wanakaa mgongoni mwa jani, si usoni. Baada ya mita chache simama, geuza majani matano ya mimea tofauti. Ukikuta mgongo mkavu, usiongeze dawa, rekebisha mkono. Ukikuta dawa inachuruzika hadi ncha ya jani na kudondoka, umezidisha, na kinachodondoka ni jasho lako. Kabichi ina nta, maji hujikusanya vitone na kuteleza, kwa hiyo hapo sabuni kidogo ya maji ni ya lazima. Karoti na njegere haziihitaji kiasi hicho.

Watu wakitaka ukungu mwembamba hupampu kwa hasira. Presha haifanyi kazi hivyo: ili maji yanayotoka yaongezeke mara mbili, presha inabidi iongezeke mara nne, na kinachotokea kabla ya hapo ni matone kuwa madogo mno na kuchukuliwa na upepo. Pampu kwa mwendo mmoja, kila hatua moja au mbili, bila kusimama.

Sasa kuziba. Tatizo lako halianzii kwenye bomba, linaanzia kwenye ndoo. Mbegu za mwarobaini mnazonunua kutoka bondeni, kwa kuwa mti wenyewe hauipendi baridi ya kwenu, zikitwangwa kiasi cha gramu 50 kwa lita moja ya maji na kulowekwa usiku, hutoa maziwa yenye machicha laini sana. Ukimimina yote kwenye chujio la bomba, chembe kubwa zitabaki pale lakini zile laini zitapita zikajikusanye kwenye chujio la mpini wa fimbo, penye kifyatulio, kisha nyuma ya nozeli. Fanya hivi: kamua kwanza kwa kitambaa kigumu, acha maji yatulie nusu saa au zaidi, kisha mimina taratibu maji ya juu kupitia kitambaa cha pili, chenye nyuzi za karibu, kama kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Mashapo ya chini usiyakamue kwa tamaa, yarudishe kwenye mboji. Pilipili na kitunguu saumu ni wabaya zaidi kwa sababu ya maganda. Hivyo vichuje mara tatu. Utupa majani yake yaponde, yaloweke, na yachujwe vivyo hivyo.

Bomba zuri lina machujio matatu, mdomoni, kwenye mpini na nyuma ya nozeli, na kila linalofuata ni laini kuliko lililotangulia. La mwisho lazima liwe na matundu madogo kuliko tundu la nozeli, la sivyo halina maana. Watu huling'oa la nyuma ya nozeli wakidhani ndilo linaloziba. Wanachofanya ni kuhamisha uchafu uzibe nozeli yenyewe.

Na ikiziba shambani? Ifungue, isugue kwa mswaki wa zamani kwenye maji, basi. Usichokonoe kwa waya, pini wala msumari, maana tundu likishatanuka hata kidogo dawa inatoka kwa kipimo kisichojulikana. Usipulize kwa mdomo pia. Utupa ni sumu, na wazee walikuwa wakiutumia kulewesha samaki mtoni; pilipili utaijua mwenyewe. Tembea na nozeli ya pili mfukoni, ubadilishe, uendelee na kazi, uisafishe ile iliyoziba ukifika nyumbani.

Kupima ni kazi ya nusu saa, na wakulima wengi hawaifanyi hata mara moja. Tia lita 10 za maji matupu. Pima eneo la mita 10 kwa 10, au kwa matuta yako membamba, jumlisha matuta hadi ufikie mita za mraba 100. Pulizia kama unavyopulizia siku zote, kisha pima maji yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 5. Eka ina mita za mraba zaidi ya 4,000 kidogo, kwa hiyo zidisha kwa 40: ni lita 200 kwa eka, na kwa robo tatu yako ni lita 150. Sasa unajua usitwange mbegu za lita 200 ukamwaga robo. Kabichi ikifunga, rudia kipimo, maana mmea mkubwa hunywa zaidi.

Kuchanganya kuna kanuni zake na bomba huumia zikivunjwa. Tangi lipate nusu ya maji kwanza, kisha dawa iliyochujwa, kisha maji mengine, sabuni iwe ya mwisho usije ukapampu povu. Mafuta ya mwarobaini, kama utayanunua, yapige kwanza na sabuni kwenye maji ya uvuguvugu hadi yawe meupe, ndipo yaingie tangini. Mafuta yakielea, mwanzo wa tangi utapiga maji na mwisho wake utapiga mafuta matupu yatakayounguza majani. Mwarobaini haupendi majivu wala chokaa, kwa hiyo usiuchanganye na mrututu. Mafuta na salfa visikutane kwenye jani moja ndani ya wiki mbili, jani litaungua. Na ukianza kutumia dawa zenye viumbe hai, kama zile za bakteria wa Bt za kuua viwavi, usizitie kwenye bomba lenye masalia ya shaba. Utakuwa umeua dawa kabla haijafika kwenye kiwavi.

Mrututu na chokaa ni dawa ya zamani, imejulikana tangu miaka ya 1880 kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, lakini kwa kilimohai inaruhusiwa kwa masharti kwa sababu shaba hujilimbikiza kwenye udongo. Pata idhini ya kikundi kwanza. Uitengeneze kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati au chuma, kwa kuwa mrututu hula chuma. Kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 ndiyo kawaida yake, yaani gramu 100 na gramu 100 kwa lita 10. Kila kimoja kiyeyushwe peke yake, kisha vikutane. Chovya msumari safi kwa dakika moja: ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha, ongeza, vinginevyo utaunguza majani na kula sehemu za chuma za bomba. Itumike siku hiyo hiyo. Ukitumia bomba kwa mrututu, kila baada ya mita chache tikisa mgongo kidogo, maana unga hutulia chini.

Kuosha ni jioni ile ile, hata kama giza limeingia. Dawa ya majani ikilala ndani ya mpira huota utelezi, na utelezi huo ukikauka hubanduka vipande vipande wiki nzima ijayo. Suuza mara tatu kwa lita 2 kila mara, badala ya mara moja kwa tangi zima. Maji machache mara nyingi huondoa zaidi. Kila mara pampu hadi maji yatoke kwenye nozeli, si kumwaga mdomoni tu, kwa sababu uchafu umo kwenye mpira na fimbo. Maji hayo yapulizie kwenye mimea ile ile au kwenye ukingo wenye nyasi. Mtoni usikaribie. Utupa huua samaki, shaba huwadhuru pia, na maji ya mto Mgeta huishia Ruvu, wanakonywa watu wa Dar es Salaam.

Baada ya mafuta au sabuni, suuza ya kwanza iwe na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji. Baada ya mrututu, fungua machujio na nozeli, uviloweke dakika kumi kwenye siki iliyozimuliwa, ule ukoko wa bluu na mweupe utayeyuka, kisha suuza sana. Machujio yote yatoke, yasuguliwe, yarudishwe. Tangi lipinduliwe mdomo chini, mfuniko ukiwa wazi, kivulini. Jua hulifanya plastiki livunjike na mpira upasuke, na bomba lililoachwa sakafuni ghalani hutafunwa mpira na panya, kwa hiyo litundike.

Kila mwanzo wa msimu fungua pampu, paka oringi na kikombe grisi ya silikoni, ile ya mafundi bomba. Usipake grisi ya gari, kuna washa zinazovimba kwa mafuta na kugoma kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, kama utatumia sana mafuta ya mwarobaini, uliza dukani washa za mpira wa nitrili au za Viton. Zile za mpira wa EPDM ni hodari kwa sabuni na siki lakini mafuta huzilainisha.

Uvujaji wa mgongoni mara nyingi hutoka sehemu tatu: washa ya mfuniko, bano la mpira chini ya tangi, au washa ya shingo ya pampu. Jaza maji matupu, weka bomba juu ya meza kavu, pampu, na uangalie tone la kwanza linatoka wapi, badala ya kukaza kila kitu kwa koleo hadi plastiki ipasuke. Ukipampu na mpini ni mwepesi wala presha haipandi, kuna chembe chini ya vali ya kufyonzea au kikombe kimekauka. Mpini ukiwa mzito na nozeli haitoi, chujio la mpini wa fimbo limejaa. Dawa ikitoka upande mmoja, nozeli imelika, hapo hakuna fundi.

Kabla sijasahau, mvae. Dawa kuwa ya majani hakuifanyi iwe chai. Shati la mikono mirefu, buti, glavu na kitu cha kukinga macho, hasa kwa utupa, pilipili na mrututu. Pigeni kuanzia saa kumi na moja jioni, upepo ukitulia na jua likiwa limepoa, ili dawa ipate usiku mzima kabla ya kuvunjwa na mwanga. Asubuhi kwenu kuna umande, majani yamejaa maji na dawa inateleza.

Siku utakayolileta bomba nyumbani, kabla halijaonja dawa yoyote, chukua jagi lenye vipimo, tia maji matupu, pampu kwa mwendo wako wa kawaida na upulizie ndani ya jagi kwa dakika moja kamili. Rudia mara tatu, chukua wastani, uandike mililita hizo chini ya tangi kwa wino usiofutika. Rudia kipimo hicho kila mwanzo wa msimu. Nozeli iliyokuwa ikitoa mililita 600 ikifika 660, imelika kwa sehemu moja ya kumi. Hiyo itupe, weka mpya, na ndiyo kipuri cha bei nafuu kuliko vyote kwenye bomba lako.